Gari la umeme Tanga: utamuuzia nani?

Mtu wa Tanga akitaka gari, kabla ya kuuliza linakula mafuta kiasi gani, anauliza likija kuuzwa litatoa ngapi. Ndiyo maana Toyota IST zimejaa Ngamiani na Chumbageni, ingawa kwa pesa hiyohiyo yapo magari yenye nafasi na starehe zaidi. IST inashika bei. Ukibanwa na ada ya shule au mgonjwa, mteja hachelewi, na dalali ataanzia kwenye herufi za namba ya usajili, zinazoonyesha gari lilisajiliwa zamani au juzi: C ina bei yake, D ina bei yake, E unaringa nayo. Gari hapa ni akiba yenye matairi.

Kwa hiyo habari za magari ya umeme zinapofika vijiweni, watu wanagawanyika. Wapo wanaosema hesabu imeshaisha, umeme ni nafuu. Wengine wanajibu kwamba hata huko Marekani wameanza kuyauza kwa hasara, sasa sisi tuyapokee ya nini? Naona wote wana hoja, ila kila upande unaruka jambo lisiloupendeza.

Nafuu yenyewe haina ubishi. LUKU ya Sh10,000 inampa mteja wa kawaida uniti 28 hivi. Nissan Leaf, gari la umeme, inakwenda kilomita 6 kwa uniti moja bila kubembelezwa. Hata ukitoa umeme unaopotea wakati wa kuchaji, unabaki na kilomita 140 na kitu. Pesa hiyohiyo sheli, lita ikicheza kwenye Sh3,000, ni lita 3 na ushee, na IST kwa mizunguko ya mjini itakufikisha kilomita 40. Hapo hujabadilisha oili wala plagi. Na mafuta tunaagiza nje, wakati Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024.

Lakini unachajia wapi? Kwa mwenye nyumba yake Raskazone hilo si swali: unachomeka usiku, asubuhi unaondoka. Mpangaji wa Ngamiani, nyumba ya vyumba sita yenye LUKU moja, akitoa waya dirishani kuchaji gari, kesho yake kuna kikao cha wapangaji. Na kama nyumba iko kwenye ile tarifa ya watumiaji wadogo, Sh100 kwa uniti mwisho uniti 75 kwa mwezi, gari hilo peke yake litaivusha. Kuanzia hapo kila mpangaji analipa bei ya juu kwa ajili ya gari la mtu.

Jambo la pili ni joto, na hapa wapenzi wa umeme hunyamaza. Leaf zilitoka 2010 na betri ya uniti 24 isiyo na mfumo wa kupoozwa kwa maji. Ukiwasha gari, kando ya kipimo cha chaji kuna vijistari vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Hivyo ndivyo vya kuangalia, kabla ya rangi na kabla ya kilomita. Vikibaki 8, karibu thuluthi ya betri imekwenda, na gari litakupa kilomita 90 ukiendesha kwa adabu. Muheza utakwenda na kurudi. Segera utafika, kurudi ni habari nyingine. Dar sahau. Tena wamiliki wa Arizona, jimbo la jangwa, walilalamika tangu 2012 kwamba joto linazila betri hizo. Sisi tuna joto la kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na gari linashinda juani Mkwakwani.

Bei za magari ya umeme nazo zinaporomoka huko yatokako. Januari 2024 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ilitangaza kuuza magari ya umeme kama 20,000 nchini Marekani. Wapinzani wanapenda sana mfano huu. Wanachosahau ni kwamba hasara ile haikutokana na joto la betri. Kwa sehemu kubwa ilitokana na Tesla kupunguza bei ya magari mapya mara kwa mara mwaka 2023, ikayashusha yaliyokwishatumika, na gharama za matengenezo baada ya ajali nazo zilikuwa kubwa. Hasara ya muuzaji wa kule inaweza kuwa unafuu wa mnunuzi wa hapa, mradi ajue ananunua nini.

Upande wa IST nao una jambo lake. Bei ile haishikwi na ubora wa chuma cha Toyota peke yake. Inashikwa pia na kodi. Gari likiingia lina ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na likishapita miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu 30%. Kuingiza jingine ni ghali, basi lililopo mtaani halishuki. Akiba hiyo inaegemea sera, na sera hubadilika: Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kabisa kuingiza magari binafsi ya mafuta.

Kwa maoni yangu, mwenye gari moja tu, ambalo ndilo akiba yake, asubiri. Mwenye nyumba yake, safari zake zikiwa za hapahapa mjini, na aliye tayari kulitumia gari mpaka lichoke, Leaf ya vijistari 10 au 11 itamlipa.

Ila kundi ninaloliona mbele ya wote ni la bajaji. Dereva wa bajaji haweki akiba, anatafuta hesabu ya jioni. Chombo chake hukichosha mwenyewe, bei ya kuuzia haimnyimi usingizi, na njia zake hazitoki mjini. Anachohitaji ni mahali pa kubadilisha betri kwa dakika chache, na fundi anayeweza kuifungua, akatoa seli zilizokufa na kuweka nzima bila kumwambia anunue betri nzima. Fundi huyo akishapatikana Ngamiani, hata dalali atakuwa na bei ya Leaf mdomoni.