Mstari wa ziada kwenye draiva: nani ana haki ya kuufuta?

Chukua draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kifaa kinachoweza kuwasiliana kwa kasi tano tofauti: megahezi 50, 25, 10, 5 na 1. Kasi hizo zimepangwa kwenye jedwali, kubwa ikitangulia. Funksheni inapokea kasi iliyoombwa, inapita jedwali kwa kitanzi, inasimama kwenye kasi ya kwanza isiyozidi iliyoombwa, kisha inaandika thamani yake kwenye rejista ya kifaa, yaani nafasi ndogo ya kumbukumbu inayokiongoza. Juu kabisa ya funksheni kuna sharti moja: kasi iliyoombwa ikiwa chini ya megahezi 1, rudisha kosa.

Anakuja mtu mwenye nia njema kuisafisha draiva hiyo. Anaona tabaka la juu linakagua kasi kabla ya kuita funksheni, kwa hiyo sharti lile linarudia kazi iliyokwisha kufanywa. Analifuta. Mistari miwili imepungua, msimbo unasomeka vizuri zaidi, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine) haikutoa onyo, na waliopitia kiraka, yaani badiliko lililopendekezwa, wamekubali.

Lakini kitanzi sasa kina njia mpya. Ikipenya kasi ndogo mno, malinganisho yote matano yanashindwa, faharasa (namba ya nafasi kwenye jedwali, inayoanzia 0) inafika 5, na msimbo unasoma kipengele cha sita cha jedwali lenye vipengele vitano. Aliyezoea kufikiria mashine atasema: basi itasoma takataka iliyo jirani kwenye kumbukumbu, kifaa kitapewa kasi ya ajabu, tutaliona na kulirekebisha. Hapo ndipo anapokosea. Kiwango cha lugha ya C hakiahidi kwamba takataka itasomwa. Kinasema kusoma nje ya safu ni tabia isiyofafanuliwa, na kompaila inaruhusiwa kuchukulia kwamba jambo hilo halitokei kamwe.

Kwa ruhusa hiyo kompaila mbili zinaweza kushika njia mbili. Moja inasema: faharasa haiwezi kuwa 5, kwa hiyo ulinganisho wa mwisho lazima ufaulu, kwa hiyo hakuna haja ya kuufanya. Kasi ndogo inapewa megahezi 1 na draiva inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nyingine inakikunjua kitanzi, inaona njia ya kushindwa kote haina pa kwenda kihalali, na haiitolei amri yoyote. Prosesa ikifika hapo haikuti agizo la kurudi. Inaendelea na baiti zinazofuata, ambazo ni mwanzo wa funksheni nyingine kabisa. Hili si jambo la kubuni: Clang, mojawapo ya kompaila za C, hutoa msimbo wa namna hiyo, na objtool, chombo kinachokagua faili za kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux zikishakompailiwa, kina onyo mahususi kwa funksheni inayomwagikia kwenye funksheni inayoifuata.

Kompaila zote mbili ziko sahihi kwa mujibu wa kiwango. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomaliza mjadala huu kwa kusema kompaila imeharibika, wala na wanaoumaliza kwa kusema mwandishi wa draiva hajui C.

Tukio linalotajwa zaidi katika ubishi huu ni la mwaka 2009, kwenye draiva ya tun ya Linux, ile inayounda kadi ya mtandao isiyo na chuma na kutumiwa sana na programu za VPN. Funksheni `tun_chr_poll` ilipewa mstari nadhifu: kigeu `sk` kilitangazwa na kupewa thamani papo hapo, `tun->sk`. Mistari michache chini yake kulikuwa na sharti la kuangalia kama `tun` ni pointa tupu, yaani anwani ya kumbukumbu isiyoelekeza popote, na kama ni tupu funksheni irudishe kosa. GCC, kompaila nyingine ya C, ilisoma kwa mpangilio: pointa imekwisha kufuatwa hapo juu (kimesomwa kilichoko inakoelekeza), kufuata pointa tupu ni tabia isiyofafanuliwa, basi pointa hii si tupu, basi sharti halina kazi. Ikalifuta.

Kwa hali ya kawaida, kerneli ingekwama kwenye mstari ule wa kwanza hata kabla ya kufika kwenye sharti. Mshambuliaji hakuiacha katika hali ya kawaida. Akifanikiwa kuweka ukurasa wake kwenye anwani sifuri ya kumbukumbu, usomaji wa kwanza unapita bila kelele, na kizuizi ambacho kingemrudisha hakipo tena. Julai 2009 Brad Spengler alichapisha shambulio lililotumia mwanya huo kuchukua mamlaka ya juu kabisa kwenye mashine. Dosari ikapewa namba CVE-2009-1897 kwenye orodha ya umma ya dosari za usalama. Tiba yake kwenye draiva ilikuwa kuushusha mstari mmoja chini ya sharti.

Upande wa kompaila una hoja ya kweli hapa: sharti lilikuwa limechelewa. Kuuliza kama pointa ni tupu baada ya kuifuata ni kosa la mpangilio, na GCC haikulibuni. Upande wa kerneli nao una hoja, na naiona nzito zaidi: hata likiwa limechelewa, sharti lile lingetosha kulizuia shambulio, na aliyeliandika alitaka litekelezwe. Kerneli ilichagua. Mwaka huohuo swichi (chaguo la kompaila) `-fno-delete-null-pointer-checks` iliingizwa kwenye ujenzi wake, ikaungana na `-fno-strict-aliasing` na `-fno-strict-overflow`. Swichi hizi tatu, kwa pamoja, zinaiambia kompaila: hapa C ina maana iliyo karibu zaidi na mashine kuliko ilivyo kwenye kiwango.

Kwa nini basi kiwango kisifanye hivyo kwa wote? Kiambatisho J cha kiwango kinaorodhesha karibu hali 200 za tabia isiyofafanuliwa, na nyingi zina sababu. Kwa kuwa namba yenye alama (inayoweza kuwa hasi) ikifurika, yaani ikipita kikomo chake, ni tabia isiyofafanuliwa, kompaila ya mashine ya biti 64 inaweza kukipanua kihesabio cha biti 32 mara moja nje ya kitanzi badala ya kukipanua kila mzunguko. Kwa kuwa pointa iliyofuatwa huhesabiwa kuwa si tupu, masharti yanayorudiwa pale funksheni ndogo zinapomezwa ndani ya kubwa huondoka yenyewe. Hizo ni faida halisi katika hesabu za kisayansi au kwenye kichakata picha. Draiva nyingi ziko mbali na huko. Kusoma rejista moja kupitia PCIe, njia inayounganisha vifaa na prosesa, kunaweza kuchukua mamia ya nanosekunde. Sharti moja lililofutwa haliwezi kuonekana kando ya muda huo. Kwa msimbo wa aina hii naona bei ya swichi zile ni ndogo mno kulinganisha na kinachokingwa.

Hata hivyo swichi zina mipaka inayosahaulika. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoliponya jedwali letu la kasi tano. Tena, draiva huhama: msimbo ulioandikwa kwa ajili ya kerneli hunakiliwa kwenye programu ya kuwashia mashine, au kwenye kifaa kidogo chenye mfumo wake, na huko hakuna aliyebeba swichi. Mstari uliokuwa salama kwa sababu ya maandishi kwenye faili ya ujenzi unafika ugenini peke yake.

Sasa upande wa wanaorahisisha, kwa sababu hawa ndio wanaolaumiwa haraka. Draiva ni zaidi ya nusu ya msimbo wote wa kerneli ya Linux. Msimbo mwingi kiasi hicho usiporahisishwa hauwezi kutunzwa, na mashimo mengi hukaa humohumo kwenye urefu: njia za kurudisha kosa zinazosahau kuachilia kumbukumbu, hatua za kusafisha zilizonakiliwa vibaya. Tangu 2007 kerneli ina funksheni zenye kiambishi `devm_`, ambazo huachilia zenyewe kumbukumbu, saa na vikatizi (ishara za kifaa zinazoikatiza prosesa) draiva inapoondolewa. Zimefuta minyororo mirefu ya `goto` (amri za kuruka) na hitilafu zilizojificha ndani yake. Huo ni urahisishaji uliofanya draiva ziwe salama zaidi, na anayeukataa kwa jumla ana kazi ya kueleza ni vipi msimbo mrefu ungepitiwa vizuri zaidi.

Na bado mfano huohuo una ncha ya pili. Kinachosimamiwa na `devm_` huachiliwa baada ya funksheni ya kuondoa draiva kumaliza kazi. Mtu akibadilisha kikatizi tu kitumie `devm_request_irq`, huku kumbukumbu ikiendelea kuachiliwa kwa mkono ndani ya funksheni ile, mpangilio unapinduka: kumbukumbu imekwisha kuondoka, kikatizi bado kiko hai. Kifaa kikipiga kengele katika muda huo, msimbo unagusa kumbukumbu iliyoachiliwa, na hiyo ni tabia isiyofafanuliwa kamili. Kiraka kilipunguza mistari mitatu. Ulinzi uliopotea haukuwa na mstari wake wowote. Ulikuwa kwenye mpangilio.

Mfano mwingine naupenda kwa udogo wake. Kifaa kinatuma namba ya biti 32 kama baiti nne, na draiva inaziunganisha. Mwandishi wa kwanza aliibadilisha kila baiti kuwa `u32` (namba ya biti 32 isiyo na alama) kabla ya kuisogeza. Anayesafisha anaona mabadiliko hayo ya aina kama vumbi, anayaondoa, anabaki na `b[3] << 24`. Katika C, baiti hiyo hupandishwa kwanza kuwa `int`, yenye alama. Ikiwa ni 128 au zaidi, kuisogeza biti 24 kunaifikisha kwenye biti ya alama, na kwa C99 na C11 hiyo ni tabia isiyofafanuliwa. GCC, kwa hisani yake, imeandika kwenye mwongozo wake kwamba haitumii ruhusa hiyo. Lakini jibu likiwekwa kwenye kigeu cha biti 64, `0x80000000` inageuka kuwa `0xFFFFFFFF80000000`, na anwani au urefu wa data unakuwa namba isiyo na maana. Inauma zaidi kwa sababu mabadiliko yale ya aina hayakugharimu chochote: GCC na Clang za sasa hutambua muundo wa kuunganisha baiti nne na kuugeuza kuwa usomaji mmoja, pale mashine inaporuhusu. Urahisishaji halali ulikuwepo tayari, ni kuita `get_unaligned_le32`, funksheni ya kerneli ya kazi hiyohiyo, yenye hakikisho zote ndani yake na fupi kuliko zote mbili.

Niseme pia kwamba si kila ajali ya usafi ni tabia isiyofafanuliwa, na kuzichanganya kunaharibu utambuzi. Mtu akiondoa `readl`, funksheni ya kerneli ya kusoma rejista, na kuisoma kupitia pointa ya kawaida isiyo `volatile` (alama inayoizuia kompaila kuruka usomaji), kompaila inaweza kuisoma mara moja tu na kuzunguka milele ikingoja biti ambayo haiitazami tena. Mtu akifuta usomaji unaofuata uandishi kwenye PCI, njia ya data kati ya prosesa na vifaa, akidhani ni wa bure kwa sababu jibu lake halitumiki, uandishi unaweza kuchelewa njiani wakati draiva inaamini umefika. La kwanza ni kompaila kutojua kwamba kumbukumbu ile ni kifaa. La pili ni la chuma tupu, kompaila haimo kabisa. Kinachoyaunganisha na jedwali letu ni kwamba mstari uliofutwa ulibeba habari ambayo haikuandikwa popote pengine.

Hapo ndipo ninapopima viraka vya aina hii. Swali langu kwa anayefuta sharti halihusu kama halina kazi leo; nataka nione hakikisho lake limehamia wapi. Kama limehamia ndani ya funksheni ya pamoja, kama ilivyo kwa `get_unaligned_le32`, urahisishaji umekamilika. Kama limebaki kwenye imani kwamba tabaka la juu hukagua, basi limehamia kwenye faili ambayo mtu mwingine ataisafisha mwakani, naye akiona kwamba draiva ya chini hukagua.

Vyombo vipo, na vinasaidia kwa kiasi. UBSan, chombo kinachonasa tabia isiyofafanuliwa msimbo unapoendeshwa, imo ndani ya kerneli tangu toleo 4.5 la 2016, na hunasa usogezaji uliovuka mipaka na faharasa iliyotoka nje ya safu. Lakini hunasa njia iliyopitiwa tu, na draiva haipitiwi bila kifaa chake. Wengi wanaosafisha draiva kwa mkupuo, mara nyingi kwa chombo kama Coccinelle kinachobadilisha faili mamia, hawana kifaa hata kimoja mezani. Wanathibitisha kwamba msimbo unakompailika na basi. Kwa kazi ya majina ya vigeu hiyo inatosha. Kwa kufuta sharti haitoshi, na wapitiaji wana haki ya kudai aliye na kifaa ajaribu kiraka kwanza, au angalau maagizo ya mashine ya kabla na baada yawekwe bega kwa bega.

Kwenye jedwali la kasi tano lenyewe kuna toleo la tatu, ambalo halihitaji sharti la mwanzo wala kuiamini kompaila. Kitanzi kiishie kabla ya kipengele cha mwisho: kilinganishe nne za kwanza, na zote zikishindwa faharasa inabaki juu ya ya tano, megahezi 1. Ni fupi kama toleo lililosafishwa, na halina njia ya kutoka nje ya safu kwa kompaila yoyote. Linabadilisha jambo moja: ombi la kilohezi 400, lililokuwa likirudishiwa kosa, sasa linapewa megahezi 1, kasi iliyo zaidi ya maradufu ya ile iliyoombwa. Kuna vifaa vitakavyovumilia na vingine vitakavyopokea data iliyoharibika, kwa hiyo kabla ya kiraka hicho kukubaliwa lazima mtu afungue mwongozo wa chipu kwenye sehemu ya saa na kusoma kikomo cha kifaa kilichoko upande wa pili wa waya.