Wilaya za barabara Illinois: kura peke yake haitoshi

Illinois ina serikali za mitaa karibu 7,000, idadi inayolishinda jimbo lolote la Marekani. Kila mjadala wa kuzipunguza ukianza, wilaya za barabara, yaani serikali ndogo zinazotunza barabara za eneo lake, hutajwa mapema. Kamishna aliyechaguliwa, ofisi, greda na gari la theluji, vyote kwa maili chache za njia? Sheria ya 2017 ilifungua mlango: taunishipu (serikali ya mtaa iliyo chini ya kaunti) yenye wilaya ambayo barabara zake hazifiki maili 15 inaweza kuwauliza wapigakura kama wilaya hiyo ifutwe. Hoja ya wanaotaka kufuta au kuunganisha wilaya hizi ina uzito. Mtambo mmoja huhudumia njia nyingi, na chumvi ya barabarani hupungua bei ikinunuliwa kwa wingi.

Kinachonitatiza ni pale wanaposema kwamba, kwa kuwa wananchi watapiga kura, mikutano ya kusikiliza maoni ni kupoteza muda.

Kura hujibu ndiyo au hapana tu. Haina nafasi ya "ndiyo, lakini", na fedha zimejificha kwenye hiyo "lakini". Chukua wilaya mbili jirani. Moja imejibana kwa miaka, ikaweka akiba ya kujenga upya daraja. Ya pili ilikopa kununua mitambo, na makalavati yake yameoza. Zikiungana, akiba ile itajenga daraja au itaziba mashimo ya jirani? Deni litalipwa na nani, kwa kiwango gani cha kodi? Daraja likikosa fedha na kufungwa, basi la shule litapita wapi? Anayejua ni mkazi anayelivuka kila siku, naye anafaa kusikilizwa masharti yakiwa bado yanaandikwa. Siku ya kura amechelewa.

Ila mkutano usiotangazwa vizuri haumsaidii mtu, na jimbo hili linajua fika namna ya kutangaza. Chombo cha umma kikitaka kupandisha makusanyo ya kodi ya ardhi na majengo kwa zaidi ya asilimia 5, sheria hudai tangazo gazetini siku 7 hadi 14 kabla ya kikao. Lisipungue moja ya nane ya ukurasa, lizungushiwe fremu nyeusi ya robo inchi, tena lisiwekwe kwenye kurasa za matangazo ya kisheria na matangazo madogomadogo. Waliotunga walijua ni kurasa zipi hazisomwi! Ajenda ya kikao cha kawaida, yenyewe, inatosha kubandikwa saa 48 kabla. Muungano unagusa kodi yako na pia mtu wa kumpigia simu theluji ikiziba njia. Sioni kwa nini fremu yake iwe nyembamba zaidi.

Ni kweli, wanaohudhuria huwa wachache, na baadhi yao ni wafanyakazi wanaotetea ajira zao. Lakini kabla ya kuhesabu viti vitupu, tuulize tangazo liliwekwa ukurasa gani, na kama lilitaja kodi ya sasa, kodi ijayo, deni na akiba.