Unyenyekevu uliochoma Hekalu

Yeyote aliyewahi kumdhamini mtu mkopo anajua uzito wa neno hilo: siku mkopaji anapotoweka, anayegongewa mlango ni wewe. Marabi, walimu wa kale wa sheria ya Kiyahudi, walipotaka kueleza uhusiano wa Mwisraeli na Mwisraeli mwenzake, hawakuchukua neno la kubembeleza moyo. Walichukua neno la madeni. Waisraeli wote, walisema, ni arevim, yaani wadhamini, huyu kwa yule.

Kauli hiyo imo katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mijadala ya marabi, sehemu iitwayo Shevuot, 39a, na imesimama juu ya Walawi 26:37, aya inayosema watu watajikwaa kila mmoja kwa mwenziwe. Marabi waliisoma hivi: kila mmoja kwa dhambi ya mwenziwe. Wanaoinukuu siku hizi kwenye hotuba za mshikamano huacha sharti lililo papo hapo, kwamba anayedaiwa ni yule aliyekuwa na uwezo wa kukemea akanyamaza. Shabbat 54b, sehemu nyingine ya Talmudi, inapanga hata ngazi zake: ungeweza kuwazuia watu wa nyumbani mwako, unadaiwa kwa ajili yao, watu wa mji wako, unadaiwa mji, dunia nzima, unadaiwa dunia nzima. Kaini alipouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake, hakujibiwa. Jibu linakuja baadaye, kupitia Yuda, na halikuja kwa urahisi.

Yuda ndiye aliyetoa wazo la kumuuza ndugu yake Yusufu, na bei ikawa vipande 20 vya fedha. Kisha katika Mwanzo 38 analala na Tamari, mkwewe, bila kumtambua, na kumwachia rehani: muhuri, kamba na fimbo. Tamari anapotolewa achomwe moto kwa uzinzi, anamrudishia vitu hivyo bila kumtaja jina. Yuda angeweza kukaa kimya na siri ikateketea pale pale. Badala yake akasema, mbele ya watu, kwamba mwanamke huyo ana haki kuliko yeye. Sasa tazama Kiebrania chenyewe: rehani ni eravon, na katika Mwanzo 43:9, Yuda anapomwambia baba yake kuwa atamdhamini Benyamini, kitenzi ni cha mzizi ule ule. Sidhani kama ni bahati. Aliyejitolea kuwa mtumwa badala ya mdogo wake katika sura ya 44 ni mtu aliyekwisha kujifunza kukiri kosa hadharani. Bila sura ya 38 hakuna sura ya 44.

Hapo ndipo unyenyekevu unapoingia, na kwa marabi unyenyekevu ni kazi ya misuli. Pirke Avot 4:1, kitabu cha mafundisho ya marabi, inauliza mwenye nguvu ni nani, na kujibu: anayeishinda nafsi yake. Bava Metzia 32b inaonyesha jinsi ya kuishinda kwa kutumia punda. Kwa kawaida, ukikuta punda wawili njiani, mmoja ameanguka chini ya mzigo na mwingine anasubiri kupakiwa, unaanza na aliyeanguka, kwa kuwa mnyama anaumia. Lakini kama wa kupakiwa ni wa adui yako na aliyeanguka ni wa rafiki yako, anza na wa adui, ili uidhibiti nafsi yako. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sheria hii inakutaka uuchukue wewe, tena wa mtu usiyetaka hata kumsalimia.

Sheria hiyo haikubali kudanganywa pia. Kumbukumbu la Torati 22:4 inasema uinue "pamoja naye". Mwenye punda akikaa kivulini akakuambia amri ni yako, basi inua, huna wajibu, isipokuwa awe mzee au mgonjwa. Udhamini si ujinga.

Muda nao ni muhimu. Kuhusu Walawi 25:35, Sifra, ufafanuzi wa marabi juu ya Walawi, inatumia mfano wa mzigo huo huo: ukiwa bado mgongoni mwa punda, mtu mmoja anautegemeza, ukishaanguka, watano hawauinui. Ndiyo maana Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, katika ngazi zake nane za sadaka, aliweka juu kabisa mkopo, ubia au kazi, vinavyomshika mtu kabla hajafikia kunyoosha mkono kuomba.

Linaloharibika mara nyingi ni watu kudhani kunyamaza ndiko kunyenyekea. Gittin 55b hadi 56a inaeleza. Mtu mmoja wa Yerusalemu aliandaa karamu, mtumishi akatumwa kumwita rafiki yake Kamtza, akamleta Bar Kamtza, adui wa mwenye karamu. Mwenyeji akamwamuru atoke. Bar Kamtza, ili asiaibike, akajitolea kulipia chakula chake, akakataliwa. Nusu ya karamu, akakataliwa. Karamu yote, akashikwa mkono akatolewa nje. Wenye elimu walikuwa wameketi pale wakitazama. Hakuna aliyefungua mdomo.

Bar Kamtza akaenda kwa Kaisari kudai Wayahudi wameasi, akarudi na ndama wa sadaka wa mfalme, ambaye njiani alimtia kilema kidogo kisichohesabika kwa Warumi lakini kinachomharamisha Hekaluni. Marabi walitaka kumtoa sadaka hivyo hivyo kwa ajili ya amani. Rabi Zekaria mwana wa Avkulas akasita: watu watasema wanyama wenye kilema wanafaa. Basi Bar Kamtza auawe asiende kushtaki? Akasita tena: watasema anayemtia mnyama kilema huuawa. Hakuna lililofanyika, shtaka likafika kwa Kaisari, na Warumi wakaja kuliharibu Hekalu. Hukumu ya Rabi Yohanani ni kali: unyenyekevu wa Zekaria uliharibu nyumba yetu, ukachoma Hekalu letu, ukatuhamisha kutoka nchi yetu. Alitumia neno lile lile la sifa njema, anvetanut. Hakulipunguza makali.

Kwa hiyo nikifika kwenye ubishi wa Sotah 5a najua nasimama wapi. Huko inasemwa mwenye elimu awe na kiburi kiasi cha sehemu moja ya nane ya moja ya nane, yaani 1/64. Rabi Nahman mwana wa Isaka anapinga: asiwe nacho hata chembe. Maimonides naye, katika sheria za tabia, alimtaka mtu akimbie kiburi mpaka mwisho. Naelewa wanachoogopa. Ila nikiwafikiria wale wenye elimu kwenye karamu, wamekaa na vikombe mkononi huku mtu akiburutwa mbele yao, naona 1/64 ingetosha kumwinua mmoja wao aseme: mwache akae.