Kabla ya kununua PS5, mpe fundi aifungue hiyo PS4

Kaskazi ikiingia na joto la Tanga likaanza kutubana, vijana wenye mashine za gemu za Sony huniuliza swali lilelile: PS4 imekufa, ninunue PS5 iliyoifuata? Msimamo wangu ni kwamba hapo kuna maswali mawili, na hela nyingi zinapotea kwa kuyajibu kwa pamoja. La kwanza ni la fundi: mashine inaumwa nini? La pili ni lako mchezaji: kuna gemu gani unalolitaka ambalo mashine yako haiwezi kulicheza? Ukirukia la pili ukiwa bado na hasira za mashine iliyozima katikati ya mechi, utalipa bei ya mashine mpya kwa ugonjwa wa feni.

PS4 ilitoka Novemba 2013, na ile Slim ikafuata 2016. Hizo ni mashine zenye umri. Pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea hukauka, feni hujaa vumbi, joto hupanda, na mwisho mashine hujizima ili isiungue. Sisi wa pwani tuna la ziada: chumvi. Anayeishi Raskazone au Sahare anajua jinsi nondo za dirisha zinavyoliwa na kutu. Hewa hiyohiyo ndiyo feni inayoivuta ndani ya mashine kutwa nzima.

Nimewahi kumsimamia fundi mmoja wa Ngamiani akifungua PS4 ya kibanda cha gemu. Skrubu zilishika kutu mpaka bisibisi ikawa inateleza. Kava lilipotoka, mapezi ya chuma cha kupozea hayakuonekana. Vumbi lilikuwa limejishindilia kama zulia. Pembeni, kwenye pawa saplai, mende walikuwa wamehamia ukoo mzima, na vifuko vyao vya mayai vimeganda kwenye kona. Wanapapenda pale, pana giza na joto, na uchafu wao unaweza kupiga shoti. Mwenye kibanda alikuwa ameshakata tamaa, anataka kuiuza kama spea. Fundi akamwambia, "Mdogo wangu, hii haijafa, imekosa pumzi tu." Akapiga brashi, akasafisha kwa spiriti, akapaka pesti mpya. Ikawaka.

Si kila mara inakuwa rahisi hivyo, najua. Lakini dalili nyingi zinadanganya. Taa ya bluu ikipepesa bila kufika nyeupe, mtaani husemwa bodi imekwisha. Huenda ni kweli. Huenda pia ni diski ngumu, pawa saplai, au tundu la HDMI, la waya wa TV, lililopinda kwa kuchomekwa waya kwa nguvu. Diski ngumu ndiyo nafuu kuliko vyote kuijaribu, maana ni ya inchi 2.5 kama ya laptopu, na inatoka bila kuifungua mashine nzima. Zima mashine, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili. Ukiona menyu kwenye TV, bodi ina uhai. Ukibadilisha diski ngumu, programu ya mfumo ya kuiwekea Sony wanaitoa bure, unaipakua na kuiweka kwenye flashi. Kinachouma ni sevu, yaani kumbukumbu za gemu ulipofikia. Diski ngumu ikifa nazo zimekwenda, lakini PS4 inakuruhusu kuzinakili kwenye flashi. Zinakilini leo, mashine ingali nzima.

Sasa lipo jambo ninalolipinga waziwazi: kupasha bodi moto kwa hita, mashine ikawaka, mteja akalipa na kuambiwa imepona. Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, ilitufundisha hili zamani. Mashine zile zilikuwa zikifa na taa nyekundu, na Julai 2007 Microsoft ikaongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Baadaye wahandisi wake walieleza kwamba viungio vilivyomo ndani ya chipu vilikuwa vikikatika kwa joto kupanda na kushuka. Ukipasha moto, viungio vinagusana kwa muda tu, kisha vinaachana tena. Fundi akikwambia dawa ni hiyo, mshukuru, chukua mashine yako na ubaki na hela yako.

Hapo ndipo swali la pili linapata nafasi yake. Kama unacheza mpira tu, huna haraka: EA Sports FC 26 ya mwaka 2025 bado imetolewa kwa PS4. Kama roho yako iko kwa gemu la GTA VI, hakuna njia ya mkato, limetangazwa kwa PS5 na Xbox Series, mashine mpya za Microsoft, pekee. Na usijidanganye kwamba ukisubiri bei itashuka kama zamani. Toleo la PS5 lenye tundu la diski lilianza kwa dola 499 mwaka 2020, na Agosti 2025 bei ya Marekani ikapandishwa hadi 549.99.

Ukiamua kuhama, chukua yenye tundu la diski. Nasisitiza hili kwa sababu Tanga tunaishi kwa kuazimana na kubadilishana CD: ukimaliza yako unampa jirani, naye anakupa yake, au unaiuza upate ya kuongezea. PS5 inacheza karibu gemu zote za PS4, na CD zako za zamani zitaendelea kutumika. Toleo lisilo na tundu la diski, ukilitumia lilivyo, linakufunga kwenye kupakua, na gemu moja siku hizi linaweza kufika GB 100. Pigia hesabu bando.

Jua pia kwamba ndani ya PS5 prosesa haijapakwa pesti ya kawaida, imewekewa metali ya kimiminika, na tone moja likidondokea pabaya bodi imekufa. Muulize fundi kama ameshawahi kuifungua kabla hajashika bisibisi. Popote utakapoiweka, isiwe ndani ya kabati la TV lililozibwa nyuma, na umeme ukikatika chomoa waya ukutani mpaka urudi na kutulia.

Mimi bado niko na PS4. Hela ya PS5 sijaitoa, hii ya zamani nimeiwekea SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na padi mpya, na CD zangu bado zinazunguka Makorora.