Mfupa Hutaka Mzigo: Je, Nyumba za Angani Zizungushwe?

Mpwa wangu anasoma kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na likizo ya Desemba alikuja kukaa kwangu Lindi. Tulikuwa kwenye kivuko cha Kitunda, kaskazi imechachamaa, mama mmoja pembeni yetu kainamia ndoo yake hali si nzuri, ndipo kijana akanitupia swali: "Mjomba, kama kukaa angani kunakula mifupa ya watu, kwa nini wasikizungushe kituo kizima wapate uzito wao? Hesabu yake ni ya kidato cha tano." Kwetu Wamwera mjomba akiulizwa hana ruhusa ya kunyamaza. Nililichukua swali hadi nyumbani, nikalilalia, na jibu limekuwa refu kuliko safari ya kivuko.

Kwanza tuondoe kosa ambalo hata watangazaji hulirudia, kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko juu yetu kwa kilomita 400 hivi. Chukua ramani upige rula kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam, mstari ulionyooka, achana na kona za barabara: ni hizohizo 400. Kwa umbali huo dunia bado inavuta kwa karibu asilimia 90 ya nguvu tunayoihisi hapa. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja, huku wakienda mbele kwa kilomita 28,000 kwa saa, hivyo kila wakianguka ardhi nayo inapinda na kuwakwepa. Sisimizi aliye juu ya nazi inayoporomoka kutoka mnazini hahisi kubebwa na nazi ile. Ndiyo hali yao, ila nazi yao haifiki chini.

Na mwili usio na mzigo huanza kujibomoa. Mfupa si jiwe. Una chembe hai zinazojenga na nyingine zinazokula, na kinachoamua nani ashinde ni kazi unayoupa. Bila mazoezi, mwanaanga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mifupa ya nyonga na kiuno kila mwezi. Chokaa inayotoka mifupani hupita kwenye figo na inaweza kuacha vijiwe. Misuli inanyauka. Majimaji ya mwili yanayopaswa kushuka miguuni hupanda kichwani, uso ukavimba, na wapo waliorudi duniani macho yao yamebadilika kiasi cha kuhitaji miwani mipya.

Watu wa Lindi hatupaswi kulishangaa hili. Tendaguru, kilomita kama 60 kutoka mjini, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, kati ya mwaka 1909 na 1913, na mmoja wa mijusi hao leo amesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Miguu yake ni minene kama nguzo za msikiti. Mnyama akikua mara mbili kwa urefu, uzito wake hukua mara nane, lakini ukikata mfupa wake katikati, eneo la pale ulipokata limekua mara nne tu. Lazima mfupa unenepe kupita kiasi ili usivunjike. Galileo aliliandika hilo mwaka 1638. Uzito ndio uliomchora yule mnyama. Na wachukuzi walioibeba mifupa yake vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mababu wa watu tunaokunywa nao kahawa, nao mifupa yao ilichorwa na mzigo uleule. (Suala la mnyama yule kurudi nyumbani nina maoni yangu, lakini tuliache leo.)

Sasa, dawa anayoipendekeza mpwa wangu ni ya zamani. Mtoto anayefukuza ndege kwenye mpunga anaijua kupitia kombeo: jiwe linapozungushwa hutaka kwenda zake moja kwa moja, na ngozi ya kombeo inalizuia. Ukiwa wewe ndiye jiwe, ile ngozi inayokuzuia utaiita sakafu, na kule kuzuiwa utakuita uzito. Jenga gurudumu kubwa, watu waishi upande wa ndani wa ukingo wake, vichwa vikielekea katikati, kisha lizungushe. Mhandisi Herman Potočnik alichora nyumba ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1975 wataalamu waliokutana Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford, walisanifu pete yenye kipenyo cha kilomita 1.8 ya kukaa watu 10,000. Haijajengwa hata moja.

Kwa nini? Sababu ya kwanza imo ndani ya hesabu ileile ya kidato cha tano. Uzito unaoupata unategemea nusu kipenyo cha gurudumu ukizidisha na kasi ya kuzunguka kwa kipeo cha pili. Ukitaka gurudumu dogo, ulizungushe haraka. Ukitaka mwendo wa taratibu, ulijenge kubwa. Kwa mizunguko 4 kwa dakika, uzito kamili kama wa hapa Lindi unadai nusu kipenyo cha mita 56. Kwa mizunguko 2, mita 224. Kwa mzunguko 1, karibu mita 900. Hebu chukua ile ya mizunguko 2: upana wake ni zaidi ya viwanja vinne vya mpira kama cha Ilulu hapa Lindi vilivyopangwa kimoja mbele ya kingine. Kituo cha sasa kina urefu wa mita 109 na uzito wa tani 420 hivi, na kukiunga kipande kwa kipande kulianza mwaka 1998 kukachukua zaidi ya miaka kumi.

Basi tulijenge dogo tulizungushe haraka? Hapo anaingia yule mama wa kivukoni. Ndani ya sikio mna vifereji vya majimaji vinavyouambia ubongo kichwa kinageukia wapi. Kwenye gurudumu linalokimbia, ukigeuza shingo ghafla vifereji vinapokea mizunguko miwili kwa mpigo, na ubongo unatoa uamuzi mmoja tu: tapika. Kuna vituko vingine. Kwenye lile la mita 56, ukikimbia mita 5 kwa sekunde kufuata upande linakozunguka, uzito wako unaongezeka karibu nusu. Ukigeuka ukakimbia kinyume, zaidi ya theluthi moja inapotea. Chai unayomimina inapinda na kuikosa kikombe. Fundi anayetoka nje kukarabati ananing'inia kama mkwezi aliyeachia miguu, na mikono ikiteleza anarushwa kama lile jiwe la kombeo. Chombo kinachokuja kutia nanga lazima kilenge kitu kinachozunguka.

Mpwa wangu ana jibu kwa kichefuchefu, na ni jibu zuri: mabaharia wa kivuko hawatapiki. Ni kweli. Majaribio ya vyumba vinavyozunguka kule Pensacola, Marekani, katika miaka ya 1960, yalionyesha kwamba watu wakipandishiwa kasi kidogo kidogo wengi huzoea. Pia gurudumu si lazima liwe zima. Unaweza kufunga vyombo viwili kwa kamba ndefu vikazungukana. Wanaanga wa Marekani, Conrad na Gordon, walijaribu hilo Septemba 1966 ndani ya chombo cha Gemini 11, kwa kamba ya mita 30, wakapata mvutano mdogo hata wao wenyewe hawakuuhisi. Lakini ulikuwepo. Na kupandisha mizigo angani kumepungua bei tangu roketi zianze kurudi na kutua zenyewe, kwa hiyo hoja ya gharama, iliyokuwa ukuta miaka ya 1970, sasa ni kama ua wa makuti.

Wanaopinga nao wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni hii: mazoezi yanafanya kazi. Wanaanga hutumia kama saa mbili kila siku kwenye mashine za kukimbilia na za kunyanyua, na tangu mwaka 2008 ilipopelekwa mashine ya kunyanyulia yenye nguvu zaidi, upotevu wa mifupa umepungua sana. Mwanaanga Mrusi, Polyakov, alikaa kwenye kituo cha anga cha Mir siku 437 mfululizo, akatua Machi 1995, na alipotolewa kwenye chombo akatembea kwa miguu yake hadi kwenye kiti. Safari ya kwenda sayari ya Mirihi inakadiriwa kuchukua miezi sita hadi tisa. Kama mtu aliweza 437, wanasema, gurudumu la nini? Tena kazi yenyewe ya kituo ni kuchunguza vitu visivyo na uzito, jinsi moto unavyowaka ukiwa tufe na jinsi fuwele zinavyokua. Ukikizungusha umekula mbegu.

Mimi kwa msafiri nakubaliana nao. Mtu wa miezi sita afanye mazoezi, atafutiwe dawa ya macho, arudi kwao. Ninapoachana nao ni kwenye neno "kuishi". Kuishi ni pamoja na mjamzito, mtoto anayeanza kusimama dede, na bibi wa miaka 70. Bibi yangu wa Newala alipandisha maji kutoka bondeni kichwani karibu maisha yake yote. Hakuna aliyempa ratiba ya mazoezi, uzito wa dunia ndio uliokuwa mwalimu wake. Huwezi kumfunga mtoto wa miezi kumi kwenye mashine ya kunyanyulia saa mbili kwa siku. Makazi ya kudumu yasiyo na uzito wa aina yoyote naona ni ukatili, na anayeyatangaza bila kulizungumzia hili anatupimia kwa kangomba, kile kipimo cha ulaghai cha walanguzi wa korosho.

Lakini uzito kiasi gani? Hapa ndipo pande zote mbili zinanikera, kwa sababu zinabishana juu ya dawa bila kujua kipimo. Tunajua mwili unavyokuwa kwenye moja, yaani hapa duniani, na kwenye sifuri. Katikati ni giza. Mwezini uzito ni moja ya sita ya wa hapa, na waliowahi kuukanyaga ni watu 12 tu, aliyekaa muda mrefu zaidi hakufikisha siku nne. Mirihi ni asilimia 38. Kama asilimia 38 inatosha kulinda mfupa, gurudumu linapungua ukubwa kwa zaidi ya nusu, na wakazi wa Mirihi wenyewe hawana haja nalo. Kama haitoshi, hata Mirihi hakuna pa kulelea mtoto.

Giza hili lingeweza kupungua kwa pesa ndogo kuliko pete yoyote. Warusi walizungusha panya angani mwaka 1977 ndani ya satelaiti ya Kosmos 936. Wajapani mwaka 2016 waliweka panya kituoni, wengine wakiwa kwenye kizungusho cha kuwapa uzito kamili, na misuli na mifupa ya wale waliozungushwa ilihifadhika. Hicho ni kipimo cha moja tena. Chumba kikubwa cha kupima vipimo vya katikati, kwa miezi mingi, kilikuwa kwenye mpango wa kituo tangu awali. Japani ikaanza kukijenga. Mwaka 2005 mradi ukafutwa kwa kubana bajeti, na bodi lake leo limewekwa nje kwenye kituo cha anga cha Tsukuba, wageni wanalipiga picha. Tumetumia miaka ishirini na zaidi kuwapima wanaanga wale wale kwenye sifuri ile ile, halafu tunashangaa kwamba mjadala hausongi.

Nilimweleza mpwa wangu haya jioni, tukibangua korosho uani. Hakubishana. Alichukua kijiti akaandika kwenye mchanga, akabadilisha moja ikawa 0.38, akaacha mizunguko 2 kama ilivyokuwa, akapata mita 85. "Mjomba, hii inajengeka," akasema, macho yanang'aa. Kisha akakaa kimya kidogo, akaifuta ile 0.38 kwa kidole gumba, na nafasi yake akaiacha wazi.