Petroli Hukatwa Kabla ya Mgao

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, inapotangaza bei mpya za mafuta, lawama humrudia mvuvi mdogo wa pwani: anakimbiza boti ovyo, na kang'ang'ania mashine ya kuchanganya oili na petroli wakati zipo zinazokula mafuta kidogo. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Boti nzito ya mbao yenye urefu wa mita 7 majini, ikikaribia maili 6 za baharini kwa saa, nguvu inayoongezwa huishia kusukuma mawimbi yake yenyewe. Punguza mwendo kwa asilimia 10, na mafuta ya kila maili hushuka kwa karibu asilimia 20. Safari ya saa 1 inakuwa ya dakika 67, bila kununua chochote.

Ila hesabu za mashine mpya hupigwa kana kwamba akiba yote ni ya mwenye chombo. Katika vyombo vingi mauzo hukatwa kwanza gharama za safari, yaani petroli, barafu na chakula, ndipo kinachobaki kigawanywe kati ya tajiri, yaani huyo mwenye chombo, na mabaharia. Tuseme mgao ni nusu kwa nusu, na mashine mpya imeokoa lita 10 za shilingi 3,000. Kati ya hizo 30,000, tajiri anaambulia 15,000. Zilizobaki ni za mabaharia, ambao hawakutoa hata senti kuinunua. Muda wa kurudisha fedha zake ni mara mbili ya ule aliotajiwa dukani. Anayekataa kwa hesabu hii mnamwitaje mbishi? Tena ile ya zamani fundi wa ufukweni anaifungua kwa spana chache tu.

Nahodha naye ana yake. Anayetangulia mnadani huwakuta wachuuzi bado wana pesa, na samaki asiye na barafu hangoji. Dakika 7 hizo zinaweza kumla bei.

Ndiyo maana naona sanduku la barafu lingeokoa petroli mapema kuliko mikopo ya mashine, maana linaondoa haraka yenyewe. Kupandisha chombo, kukikwangua tumbo na kukipaka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili kiteleze majini kwa petroli kidogo, pia ni gharama ndogo. Na mkopo ukiwa hauepukiki, basi rejesho likatwe kabla ya mgao, kama petroli. Mabaharia watapinga, na wana haki ya kuuliza: deni likiisha, mashine ni ya nani?