Chenji Yangu ya Hospitali

Nilipopata kazi katika ghala moja hapa Columbus, Ohio, tulipewa kijitabu cha bima ya afya chenye tafsiri ya Kiswahili, na humo ndimo nilimokutana na neno "makato". Mpango wa kwanza ulitaka ada ya dola 160 kwa mwezi, na makato yake yalikuwa dola 500. Wa pili ulitaka dola 60 tu, na makato yake yalikuwa dola 3,000. Nilipokuwa mwalimu Tanga, bima ilikata asilimia 3 ya mshahara wangu na mwajiri akaongeza asilimia 3 nyingine, kwa hiyo nilijua makato ya mshahara yalivyo. Haya ya Marekani, kwa kuwa ada ilitajwa kando, niliamua kwamba yanakatwa kwenye bili, yaani ni punguzo. Ulipe kidogo, upunguziwe kikubwa! Nilitia saini haraka kabla hawajagundua kosa lao.

Mwezi Machi nilikwamwa na mwiba wa perege. Nilimeza matonge matatu makavu ya ugali, kama alivyonifundisha bibi yangu, lakini koo liliendelea kuchoma, ndipo mke wangu akanipeleka idara ya dharura. Walinipiga picha ya shingo, daktari akachungulia kwa taa, kisha akatangaza kwamba mwiba haupo. Umekwisha kuteremka, umeacha mkwaruzo tu. Bibi alikuwa sahihi, ila ugali wake haukuhitaji picha.

Baada ya wiki tatu ilikuja barua ya bima, juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii si bili. Hospitali ilitoza dola 4,100, lakini kwa bei waliyokubaliana na bima zilibaki 2,600. Nilichukua kalamu. Nimefundisha hesabu miaka 11, na jibu halikuwa na ubishi: ukitoa makato ya 3,000, wananidai wao dola 400. Jioni hiyohiyo nilimpigia shemeji yangu Tanga, nikamwahidi fedha za mabati.

Bili yenyewe ilipofika, ikiwa na dola 2,600 kamili, nilipiga simu ya bima kwa hasira na kuomba mkalimani. Alikuwa dada mmoja mwenye lafudhi ya Mombasa.

"Mwambie nataka chenji yangu," nilisema.

"Chenji ya nini, kaka?"

Nilimsomea hesabu yangu yote. Kimya kilipita, kisha nikasikia mtu anakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Mhudumu alieleza, naye akatafsiri taratibu: makato ndicho kiasi ninacholipa mwenyewe kwanza, kabla bima haijatoa hata senti kwa matibabu kama hayo. Makato hayo yakiisha, bima hulipa asilimia 80 nami 20, mpaka nifikie kikomo cha malipo yangu ya mwaka.

"Na zile 400?"

"Zipo, kaka, ila ni wewe utakayezilipa ukiugua tena mwaka huu. Januari unaanza upya na 3,000."

Hospitali ilikubali nilipe dola 100 kila mwezi kwa miezi 26, yaani zilezile 100 nilizojisifu kuziokoa kwenye ada. Mke wangu sasa hununua minofu. Shemeji naye, kila Jumapili, huuliza kwa adabu ile chenji ya hospitali imefikia wapi.